Mwenye Udongo wa Kaunti Ile

Kuna kaunti moja huko Amerika, katikati kabisa ya nchi ile, ambayo naijua kuliko ninavyoijua Kolwezi, mji jirani yetu, na sijawahi kukanyaga hata njia yake moja. Naujua mto wake, mpana na wa maji machache, wenye visiwa vya mchanga katikati, unatoka magharibi kwenda mashariki. Najua kwamba miti imejipanga kandokando ya mto huo tu, na ukiuacha mto unabaki na nyasi, mahindi na upepo. Najua barabara zake zimenyooka na zinakatana kwa miraba kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, kama nyumba za kambi yetu ya wafanyakazi ya Panda, hapa Likasi, Kongo, zilivyopangwa na watu wenye rula mkononi. Nimefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini, lakini hakuna mahali nilipojifunza kwa bidii kama pale, kwa sababu pale ndipo alipozikwa mdogo wangu.

Alikuwa kitindamimba wa mama. Aliondoka Likasi akiwa kijana, kwa ile bahati nasibu ya viza, akafanya kazi hapa na pale, mwisho akaangukia kwenye kaunti hiyo, katika kiwanda cha kuchinja ng'ombe. Akaoa, akazaa, akanunua gari la kijani ambalo alitutumia picha zake nyingi kuliko za watoto. Januari iliyopita moyo wake ulisimama uwanjani mwa kiwanda kabla ya zamu kuanza. Mkewe, wifi yangu, alitupigia simu akilia, nasi tukaweka matanga hapa Panda bila maiti: viti vya kukodi, turubai, nyimbo za kanisa, na picha yake ya komunyo ya kwanza juu ya meza. Siku zilipotimia watu wakaondoka, tukafagia ua, tukavua vitambaa vyeusi. Mama hakuvua chake.

Kwetu wafiwa hulala chini, kwenye mkeka, mpaka matanga yaishe. Mama aliendelea kulala chini. Mwanzoni nilinyamaza, maana huzuni ya mtu wa umri ule huiharakishi. Februari ikapita, mvua za Machi zikapita, Pasaka ikapita, na mama yangu, ambaye umri wake hata yeye anaukisia, bado alikuwa kwenye mkeka juu ya saruji, pembeni ya kitanda chake kilichotandikwa shuka safi. Kifua kilikuwa kimeanza kukwaruza. Nilimpeleka zahanati, daktari akanivuta kando akaniambia kwa upole kwamba baridi ya Juni ikimkuta kwenye saruji, tusitegemee kumwona Agosti. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama maneno hayo kama nilivyoyapokea. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama vile nilikuwa nimezungumzia jambo jingine kabisa:

"Njo nani mwenye bulongo kule?"

Bulongo ni udongo. Huku kwetu, ukitoka mjini ukaelekea porini upande wa mto Lufira, hakuna anayechimba kaburi bila kwanza kumsalimu mwenye udongo, mtu wa ukoo uliotangulia kukaa pale. Anakuja na unga mweupe kiganjani, anamwaga kidogo upande wa kichwa cha shimo, anawaambia waliomo chini kwamba huyu ni mgeni, wampokee, wampishe mahali. Halafu padri anasoma sala zake na kila mtu anaridhika. Marehemu asiyeombewa mahali ni kama mgeni aliyeachwa mlangoni mwa nyumba ya watu, hakaribishwi wala hafukuzwi.

"Mulimuzika mutoto yangu," mama akasema, "hamukuulizaka muntu. Ye iko anasimama kule mu baridi. Na miye nilale ku kitanda?"

Hapo nikakumbuka kwamba hilo halikuwa jambo jipya kwake. Alipoletwa Panda akiwa bibi harusi wa mfanyakazi wa kiwanda, mtoto wake wa kwanza alikufa kabla hajaota jino. Akazikwa kwenye makaburi ya kambi, yaliyopimwa kwa kamba na kuandikwa namba. Mama hakulala. Wiki ya pili alitoka peke yake alfajiri na kuku kwapani, akapita machimbo ya Kakontwe kwenye vumbi jeupe la chokaa, akaulizia njia kwa watu ambao lugha yao hakuielewa vizuri, mpaka akampata mzee mmoja wa Kisanga ambaye ukoo wake ndio wenye udongo ule. Yule mzee alimwambia kwamba watu wa kambi walikuwa wamechimba na kuchimba, mashimo ya shaba na mashimo ya wafu, na yeye mama ndiye wa kwanza kuja kubisha hodi. Alikuja kesho yake na unga. Baba aliona aibu mbele ya wenzake wa kazini, lakini mama alirudi kulala kitandani.

Yote hayo niliyajua, na bado nilimpigia mama kelele. Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wote wanajua.

"Mama, kule hakuna mambo ya bunga! Kule iko karatasi tu!"

"Alors, uangalie mu karatasi," akasema. "Weye si njo mwalimu?"

Nikaangalia. Kaunti ni kitu kama territoire, yaani wilaya, yetu ya Kambove: mji mmoja mdogo wenye ofisi na mahakama, kisha vijiji na mashamba. Kaunti ile ilikuwa na ukurasa wake wa habari, na simu yangu iliutafsiri kwa Kifaransa cha kilevi, ambapo ng'ombe waliitwa "wananchi wenye pembe" na mto ulikuwa "umelala gorofa na watoto wake." Nikakaa nao jioni tatu nikiwa na penseli. Nikachora ramani nyuma ya kalenda ya zamani ya parokia, nikaibandika ukutani mbele ya mkeka wa mama, ili nikimsomea aone.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Nilidhani nitamsomea mara moja, yaishe. Badala yake tukahamia kule.

Kila alasiri, bukari, ugali wetu, ikishaliwa na umeme ukishakatika, nilikaa kwenye kiti kifupi na yeye akalala kwa ubavu akitazama ramani, na tukaingia. Aliniuliza upepo unatoka upande gani. Aliniuliza mvua inaanza mwezi gani, na nilipomwambia kwamba kule mwezi wa baridi ndio wetu wa mvua, alisema basi mwanawe alikuwa akivaa koti sisi tukiloa. Tulitembea kwenye zile barabara zilizonyooka. Hazikuwa na kichuguu hata kimoja, na hilo lilimsumbua, kwa sababu huku kwetu vichuguu ni vikubwa kuliko nyumba na ndivyo vinavyokuonyesha umefika wapi. Akaamua kuweka kimoja pale kwenye kona ya tatu baada ya daraja. Sikumkataza. Siku nyingine nilipofumba macho niliona misuku, miti ya matunda ya porini kwetu, imeota ukingoni mwa mto ule, na akina mama wanaokota masuku kando ya mahindi ya Wamarekani, na vumbi jeupe la Kakontwe limeanguka juu ya kila kitu, na mama akaniambia hilo si vumbi, ni theluji, na mimi nikakubali.

"Muto yabo inaenda wapi?" aliniuliza mara moja.

Nikamweleza. Mto ule unaingia kwenye mkubwa, mkubwa unaingia kwenye mkubwa zaidi, na huo unateremka kusini hadi kwenye ghuba. Ghuba ile ni mfuko wa bahari. Na Lufira yetu, ikishapita bwawa la Koni na kutupatia huo umeme wetu wa kubahatisha, inaingia Lualaba, nayo Lualaba ndiyo mto Kongo, na mto Kongo unamwaga kwenye bahari ileile. Nilikuwa nikiyafundisha yote mawili kwa miaka yote ile, kila moja na somo lake, na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Januari. "Kumbe mayi inajuana."

Ilikuwa katika ramani ile nilipompata mwenye udongo, au ndivyo nilivyodhani. Karibu na makaburi alipozikwa mdogo wangu kulikuwa na barabara yenye jina la ukoo fulani. Kijito cha pale kilikuwa na jina hilohilo. Kilima pekee cha kaunti nzima, kama ni kilima, nacho kilikuwa na jina hilo, na ukurasa ulisema watu wa ukoo huo bado wanalima palepale. Kwetu, ukikuta kijito na kilima vina jina la ukoo mmoja, huhitaji kuuliza tena. Nikampigia wifi yangu nikamwambia aende.

Wifi amezaliwa Lubumbashi, hakucheka. Mwisho wa Aprili, theluji ilipoyeyuka, alinunua unga wa mahindi dukani, akapata kuku hai kwa jirani wa Meksiko, akavaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili, akaenda kubisha kwa mkulima mmoja Mzungu, mzee, mjane. Yule mzee aliona mwanamke Mwafrika mlangoni na kuku mkononi, akadhani anauza. Akauliza bei. Wifi akasema hauzi, anatoa. Mzee akauliza kwa nini. Wifi akaeleza yote, na kwa jinsi alivyotusimulia kwenye ujumbe wa sauti, mzee alisikiliza hadi mwisho huku kuku akimrarua shati, kisha akaenda kuchukua kofia. Walipofika kaburini akaivua. Alimwaga unga pale alipoonyeshwa, na akasema kwa Kiingereza kwamba huyu alikuwa mtu wa kazi, na kwamba anakaribishwa.

Nilimsikilizisha mama ujumbe ule mara nne. Machozi yalimtoka. Alimbariki yule mzee, akambariki na kuku. Nami nikaenda kutikisa shuka za kitandani, maana nilijiona nimeshinda. Nikamsikia nyuma yangu:

"Na nkambo ya huyu tata? Aliulizaka nani?"

Nikajifanya sikusikia. Akarudia: babu wa yule mzee, naye alimwomba nani mahali? Nikarudi kwenye ukurasa, na ukurasa, ambao ulikuwa na aya kumi na moja juu ya reli, makanisa, ukame na timu ya mpira wa kikapu, ulisema kwamba babu wa ukoo ule alikuja kutoka Ulaya na kununua ardhi kwa kampuni ya reli.

"Reli?" Mama aliinuka kwa kiwiko. "Reli njo ilikuwa mwenye bulongo?"

"Hapana, mama. Reli ilipewa na serikali."

"Na serikali?"

Kulikuwa na sentensi mbili tu juu kabisa, kabla ya reli, ambazo nilikuwa nimezipita haraka kama wanafunzi wanavyopita dibaji. Zilitaja watu wa kwanza wa bonde lile, waliolima mahindi ukingoni mwa mto na kuwinda nyati, kisha zikasema kwamba watu hao "walihamia" kusini. Nimefundisha historia pia. Najua neno hilo linafanya kazi gani. Nilisoma kwingine usiku huo na kesho yake, na nikamwambia mama kwamba walisainishwa karatasi, wakaondolewa, wakapelekwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari, na wengi walifia njiani.

"Basi huyu tata ni mugeni kama shiye," mama akasema, bila uchungu wowote juu ya yule mzee. "Iko na roho muzuri. Lakini mugeni hakaribishake mugeni mu nyumba ya muntu mwingine."

Akageukia ukutani, akajifunika.

Mei iliisha. Baridi ikaanza asubuhi, kisha jioni, kisha mchana kutwa kwenye kivuli. Nilimwekea blanketi mbili chini na mbili juu, nikampikia uji wa moto, nikamkaripia, nikamwomba, nikaita padri. Padri alikaa naye saa nzima, akatoka akaniambia, "Madame, mama yako ana imani kuliko mimi," na akaenda zake. Kikohozi kilikuwa kinamnyanyua mwili mzima. Nilimwogopea kweli. Nikatunga uongo. Niliutunga vizuri, kama somo: chifu mmoja wa watu wale, nywele ndefu, amekubali, ametuma salamu. Nilikuwa tayari kumwambia Jumapili baada ya misa. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimwona akipita Kakontwe na kuku wake kwapani, na nikafunga mdomo. Nilichukia jinsi nilivyoshindwa kumdanganya mtu anayekufa kwa kukosa uongo mdogo tu.

Wifi ndiye aliyenitoa hapo. Alikwenda kwenye maktaba ya mji ule mdogo, akamwona mama mmoja anayetunza karatasi za zamani za kaunti, na yule mama akampa namba ya ofisi ya watu wale, huko kusini walikopelekwa. Wifi alipiga wakati wa mapumziko ya chakula, bado amevaa buti za kiwanda, maana naye hufanya kazi palepale. Mwanamke aliyepokea alidhani ni mtu anayetaka vyeti. Wifi akamweleza: mume, kaburi, mama mkwe, mkeka, unga. Kisha yule mwanamke akasema apewe siku chache, kuna bibi zake anataka kuwauliza.

Ujumbe ulitufikia alasiri ya Jumatano. Mama alikuwa amekunywa uji nusu bakuli. Niliweka simu kwenye mkeka kati yetu, na sauti ya wifi ikaanza kutafsiri, polepole, ikisimama pale alipokuwa anasoma alichoandika.

Mwanamke yule alisema kwamba amewauliza wakubwa wake. Kwamba tangu waondolewe hakuna mtu aliyewahi kuwauliza kama anaweza kulala pale. Kwamba jibu ni ndiyo, alale. Bibi mmoja ameweka tumbaku chini akiwa huko aliko na kutaja jina la mdogo wangu kwa lugha yao, na yeye mwenyewe, wakati wa kiangazi cha kwao, atapita na kumwaga unga, maana kila mwaka huja kutazama mto. Na kwamba tusishangae kama hatajua amwage wapi kwa ajili ya watu wake, kwa sababu wao walipoondolewa wafu wao walibaki, na plau zilipita juu, na leo hakuna anayejua nani yuko chini ya shamba lipi.

Ujumbe ukaisha. Nilimtazama mama nikitegemea uso wake ufunguke. Haukufunguka. Alikuwa anatazama ramani ukutani, ile miraba yangu yote niliyoichora kwa penseli na rula.

"Bafu yabo," akasema, akimaanisha wale wafu. "Banabakia na nani?"

"Hakuna, mama. Beko bo peke yabo."

Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. Kisha akaomba simu. Hajui kuitumia, nikabonyeza mimi, nikamshikia karibu na mdomo. Alizungumza kama anavyozungumza na mtu mzima mwenzake ambaye amemkuta msibani.

"Mama," akasema, "miye ni mama ya ule mutoto. Aksanti. Bafu yenu habako tena bo peke yabo. Mutoto yangu iko nabo. Yeye haiko muvivu, alitumikaka tangu mutoto. Ataangalia muto, ataangalia bantu yenu mpaka mutakuya. Mukifika, mumuite tu kwa jina. Ataitika."

Akaninyoshea mkono. Alitaka ainuliwe. Nikampandisha kitandani, nikamfunika, akaniambia nimwondolee kitambaa cheusi kichwani kwa sababu kinamwasha. Kabla sijafunga pazia alikuwa ameshalala, amefungua mdomo kidogo, jua la saa tisa miguuni pake.

Nilituma ujumbe kwa wifi, autafsiri. Niliokota blanketi moja baada ya nyingine nikazikunja. Katika miezi mitano tangu afe nilikuwa nimetafuta mto, nimetafuta ukoo, nimechora mipaka, nimegombana na mgonjwa, na watu wote wa Panda walisema huyu dada mkubwa ni chuma. Mkeka ulikuwa bado una joto la mama. Nililala juu yake pale mchana kweupe, nikavuta magoti, na nikamlilia mdogo wangu.